Barua ya wazi kwa wanaotujengea zahanati na madarasa: Yah, madirisha

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu wa wilaya, na wahandisi mnaochora na kusaini ramani za majengo ya umma.

YAH: MADIRISHA

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Morogoro. Mwaka juzi niliugua kifua kikuu, na aliyenigundua ni panya. Sitanii. Makohozi yangu yalipimwa kwa hadubini, majibu yakatoka kwamba sina kitu. Bahati yangu sampuli ile ilipelekwa pia Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), kwenye maabara ya shirika la APOPO, ambako panya buku wamefundishwa kunusa vimelea vya TB. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Akifika kwenye yenye ugonjwa huganda hapo hapo, pua kwenye tundu, anakwaruza. Kwangu aliganda. Kipimo cha pili kikathibitisha, nikapigiwa simu nikiwa nasahihisha majaribio ya kidato cha pili.

Panya yule namshukuru hadi leo. Lakini barua hii inahusu wiki zilizotangulia simu ile, na majengo niliyokaa ndani yake wiki hizo zote nikikohoa bila kujua nina nini.

Kikohozi kilinianza masika, wakati ambao mji mzima unakohoa. Nilikwenda zahanati nikapewa dawa ya maji na amoksilini. Kikatulia, kikarudi. Jasho la usiku likaanza, nikadhani ni umri. Wiki ya nne nikaenda kituo cha afya, nikaambiwa nikae kwenye benchi.

Naomba mkae nami kwenye benchi lile kidogo. Korido ina upana wa kama mita mbili, na mabenchi yamepangwa pande zote mbili, kwa hiyo magoti ya waliokaa huku yanakaribia kugusana na ya waliokaa kule. Kulia kwangu alikaa mama aliyeleta kichanga kliniki, mtoto bado ana kitovu. Kushoto mzee mmoja alikuwa anakohoa huku amejiziba na ncha ya kanga ya mkewe. Waliotuelekea walikuwa wanasubiri kuingia CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, kuchukua dawa zao za kufubaza virusi. Mwisho wa korido kulikuwa na dirisha moja la aluminiamu. Lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua, na mbele yake palisukumwa kabati la mafaili, kwa hiyo hata jua lingewaka asingepatikana wa kulifungua. Pale mlangoni ilisimama ndoo ya maji tiririka na kipande cha sabuni kwenye wavu, masalia ya enzi za korona. Kila aliyeingia alinawa. Na mimi nilinawa, nikasugua hadi katikati ya vidole kama tulivyofundishwa. Kisha nikakaa saa tatu kwenye korido ile, tukawa tunapumuliana.

Wataalamu mlio miongoni mwa ninaowaandikia mnalijua hili, lakini barua ni ya wazi, basi niliseme kwa wengine. Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, akiongea au akiimba, hutoka matone madogo mno. Yanakauka hewani, na vimelea vilivyomo huendelea kuelea chumbani kwa saa kadhaa. Anayekuja kuvivuta anaweza kuwa mtu aliyeingia baada ya mgonjwa kuondoka. Mikono haihusiki. Vyombo havihusiki. Mama mkwe wangu, Mungu amzidishie, nilipotoka kuchukua dawa siku ya kwanza alikuwa ameshanitengea kikombe, sahani na kijiko, ameviweka kwenye beseni langu peke yangu. Halafu jioni akaja kunifungia dirisha la chumbani ili "upepo usikupige kifua." Kikombe kisichoambukiza kikatengwa, hewa inayoambukiza ikafungiwa ndani pamoja na mume wangu na mtoto.

Simlaumu, kwa sababu madaktari wenyewe walibishana muda mrefu. Robert Koch alitangaza kukitambua kimelea cha TB Berlin tarehe 24 Machi 1882, lakini uthibitisho mzuri kwamba hewa peke yake inatosha kuambukiza ulikuja miaka ya 1950, Baltimore, Marekani. Richard Riley na William Wells walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa TB wakaipitisha kwenye mabomba hadi chumba cha juu walikofuga simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara wanaofanana na panya wanene. Simbilisi hawakuwahi kumwona mgonjwa wala kugusa shuka lake, na bado waliambukizwa. Wale ambao hewa yao ilipigwa kwanza mwanga wa urujuanimno (UV), ule usioonekana kwa macho, walisalimika. Nikiwafundisha wanafunzi wangu jaribio hili huwa kimya kinatanda darasani, kisha mmoja lazima aulize simbilisi analiwa au haliwi.

Sasa turudi kwenye majengo. Mgonjwa aliyeanza dawa sahihi uambukizaji wake hushuka haraka. Muuguzi wangu alinieleza kwamba baada ya wiki mbili hivi hofu kubwa inakuwa imepita. Mimi nilimeza vidonge miezi 6, ile miwili ya mwanzo dawa za aina nne, na asubuhi ya kwanza nusura nipige kelele chooni nilipoona mkojo umegeuka rangi ya chungwa. Hakuna aliyenionya. Lakini tangu siku ile nilikuwa naelekea kuwa salama kwa jirani yangu. Hatari yote ilikuwa nyuma, zile siku nilizokuwa "nina mafua tu." Kwa hiyo mtu wa kuogopwa kwenye korido zenu hana kadi ya TB mfukoni. Amekuja kwa sababu ya shinikizo la damu, au amemleta mtoto chanjo, na anakohoa kidogo. Hamwezi kumtambua kwa macho. Kinachowezekana ni kuhakikisha pumzi yake inatoka nje ya jengo kabla haijaingia kwa mwenzake.

Panapokosekana hilo, hospitali yenyewe inageuka chanzo. Tugela Ferry, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mwaka 2005 na 2006 walipatikana wagonjwa 53 wenye TB sugu kupindukia, ile inayokataa karibu dawa zote zilizokuwapo. Walikufa 52. Nusu yao hawakumaliza hata wiki tatu tangu makohozi yao yachukuliwe kupimwa. Wengi wao hawakuwahi kutibiwa TB kabla, maana yake usugu hawakuutengeneza wenyewe kwa kuruka dozi. Waliupokea kwa mtu mwingine, na theluthi mbili walikuwa wamelazwa hospitalini siku za karibuni kwa maradhi mengine. Wote waliopimwa VVU walikutwa navyo. Nikikumbuka foleni ile ya CTC iliyokaa ikinitazama uso kwa uso, huwa naacha kusoma kwanza.

Waheshimiwa, darasani kwangu ni hivyo hivyo, na hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Mtakumbuka Oktoba 2021 serikali ilizindua matumizi ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19 na athari zake. Sehemu yake ilijenga vyumba vya madarasa 15,000, kati ya hivyo 12,000 vya sekondari. Watoto waliokuwa wakisomea chini ya mwembe wakapata madawati, na mimi nilipiga vigelegele kama wenzangu. Darasa ninalofundishia ni la enzi hizo hizo, jengo zuri, sakafu haina vumbi, dari ya jipsam nyeupe. Madirisha ni ya aluminiamu, ya kusukuma pembeni.

Siku niliporudi kazini nilichukua rula ya ubaoni nikapima. Tundu la dirisha ukutani lina sentimita 150. Ukisukuma kioo hadi mwisho, panapofunguka ni sentimita 71. Nusu ya dirisha haifunguki kabisa, kwa sababu kioo kimoja kinakwenda kujificha nyuma ya mwenzake na wote wawili wanabaki pale pale ukutani. Kwa hiyo mhandisi akiandika kwenye ramani kwamba chumba kina madirisha sita, kwa pumzi ya mtoto yapo matatu. Ya upande wa korido hufungwa kwa kelele. Yamebaki moja na nusu, kwa wanafunzi 84. Na hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Huo ni mtihani wa kidato cha kwanza.

Nilipogundulika, wahudumu walikuja shuleni kuchunguza niliokaa nao. Wanafunzi kadhaa walikuwa na dalili, wakapimwa, mmoja akakutwa nayo. Binti wa kidato cha pili, anakaa safu ya mbele kwa sababu haoni vizuri ubaoni. Siwezi kuapa kwamba aliipata kwangu. Nyumbani wanalala wengi chumba kimoja, na kila asubuhi hubanwa kwenye daladala. Lakini kwa wiki zile alikaa mita moja na nusu kutoka mdomoni mwangu, vipindi vinne kwa juma, na mwalimu wa fizikia anaongea sana. Amepona. Alikosa muhula mzima. Mama yake alipokuja kuniona hakunilaumu, alileta ndizi, na nadhani ningevumilia zaidi kama angenilaumu.

Zamani mafundi walijua. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, mkoani Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926, miaka karibu 20 kabla dunia haijapata dawa ya kwanza ya kuua vimelea hivi. Wakati ule tiba ilikuwa kupumzika, kula vizuri na hewa safi, basi majengo ya wagonjwa wa kifua duniani kote yakawa na baraza pana, kuta ndefu na madirisha makubwa. Hata zahanati niliyochanjiwa mimi utotoni, jengo la miaka ya sabini, ilikuwa na luva. Ukivuta kile kishikio cha chuma vioo vyote vinalala, dirisha zima linakuwa tundu. Wagonjwa walisubiri barazani, nje, chini ya bati. Mvua ilipiga miguu kidogo. Mwaka jana zahanati hiyo imekarabatiwa: luva zimeng'olewa, baraza limezibwa kwa matofali likawa "mapokezi". Kwenye uzinduzi tuliambiwa imekuwa ya kisasa.

Usasa huo umeshapimwa. Lima, Peru, watafiti walizunguka hospitali 8 wakipima hewa inavyobadilika vyumbani, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Vyumba vya majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, hewa ilibadilika mara 40 kwa saa. Vya majengo mapya, navyo madirisha wazi, mara 17. Vyumba vilivyofungwa mashine za gharama za kubadilisha hewa vilipata mara 12. Jengo la babu liliishinda mashine zaidi ya mara tatu.

Na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2009: kwenye wodi za kawaida na sehemu za wagonjwa wa nje, hewa ya asili iingie lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Nimwekee fundi kwa lugha yake: ndoo tatu kubwa za hewa, kila sekunde, kila mgonjwa. Korido yetu asubuhi ile ilikuwa na watu kama 40. Ndoo 120 kwa sekunde, kupitia dirisha lililo nyuma ya kabati.

Najua mtakayonijibu, maana nimeshajibiwa hayo na mkuu wangu wa shule. Wezi. Sawa, nondo zibaki, hewa inapita kwenye nondo. Mbu: wekeni wavu, lakini basi tundu lenyewe liwe kubwa zaidi kwa sababu wavu unapunguza upepo, nao usafishwe, maana kule kwetu umeziba kwa vumbi umekuwa kama pazia. Baridi ni hoja ya kweli. Mtu wa Makete au Mafinga hawezi kuambiwa alaze mgonjwa dirisha wazi mwezi wa saba. Huko yajengwe matofali ya matundu juu karibu na dari, yasiyo na kioo wala komeo, ili hata vikifungwa vyote chini hewa moto iliyopumuliwa ipande itoke. Na penye umeme wa uhakika zipo taa za urujuanimno za kufunga juu ya vichwa vya watu, zile zile zilizowaokoa simbilisi. Ila kwa zahanati ya kijijini mimi ningeanza na nyundo na patasi.

Ninachoomba kwenu hakina ukubwa. Kwenye ramani za zahanati na vituo vya afya zinazotumwa wilayani, mahali pa kusubiri patoke ndani pawe banda nje: nguzo, bati, mabenchi, ukuta wa kiuno upande wa mvua tu. Banda ni rahisi kuliko korido, halina dari, halina rangi ya mafuta, halina hata mlango. Madirisha ya kusukuma yaondolewe kwenye mchanganuo wa gharama za wodi, vyumba vya daktari na madarasa. Badala yake yawe ya bawaba au luva, na yakabiliane kuta mbili ili upepo upite. Zile korido zilizokwisha kujengwa, kila kituo kimtaje mtu mmoja kwa jina ambaye kazi yake saa moja na nusu asubuhi ni kufungua madirisha yote, na mganga mfawidhi amuulize. Kabati zisogezwe. Hilo la kabati linaweza kufanyika leo mchana.

Pale getini pia, mlinzi au mhudumu awaulize watu swali moja: nani anakohoa? Anayekohoa apewe barakoa, akae pembeni upande upepo unakoelekea, na aonwe kwanza. Watu watanung'unika kwamba ameruka foleni. Waambieni ameruka ili atuondokee. Wahudumu wa kliniki ya TB nao wapewe zile barakoa nzito za N95 kila wiki, wasiwe wanatunza moja kwenye droo mpaka kamba inakatika. Muuguzi aliyenipa dawa miezi yote 6 alivaa ya kitambaa, aliyoshonewa na dada yake.

Kwa vipimo sina la kuongeza isipokuwa kwamba mashine ya GeneXpert inatoa majibu kwa saa mbili na inasema kama dawa kuu imeshakataa, lakini haina maana katriji zikiisha. Kila siku ya kungoja majibu ni siku nyingine ya kufundisha.

Nawakumbusha pia kwamba nchi hii haijifunzi TB leo. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na namna daktari Karel Styblo alivyoupanga akiwa na Watanzania, wa kupima makohozi, kusimamia dozi na kuhesabu kila mgonjwa wilaya kwa wilaya, ndiyo WHO ilikuja kuieneza duniani miaka ya tisini. Hata hivyo kwenye orodha ya WHO ya mwaka 2021 hadi 2025 bado tulikuwa miongoni mwa mataifa 30 yenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, ambao mwaka 2023 pekee uliua watu milioni 1.25 duniani. Na mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje tuliona jinsi programu za afya zinavyoweza kutikiswa kwa tangazo la asubuhi moja. Tundu la dirisha halina mfadhili wa kujitoa.

Lipo jambo moja nisingependa lifanyike kwa jina la kinga. Mwaka 2010 huko Kapsabet, Kenya, wagonjwa wa TB walipelekwa gerezani kwa kuacha dawa. Hebu fikirini: mtu anayeambukiza kwa hewa, mkamtia kwenye selo iliyojaa. Machi 2016 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kwamba kuwafunga jela kulivunja Katiba. Mgonjwa akikimbia dawa ulizeni kwanza nauli, chakula, na kama kuna aliyemwambia habari za mkojo.

Wiki mbili zilizopita nimeona wanamwaga zege la msingi wa zahanati mpya karibu na tunakoishi. Nikamwomba fundi anionyeshe ramani. Korido katikati, mita mbili. Madirisha ya kusukuma. Fundi ni kijana msikivu. Alisema yeye mwenyewe angependa luva, mke wake ana pumu, lakini akibadilisha chochote hatasainiwa malipo. Kuta bado hazijafika kwenye lenta. Mhandisi akitaka kuja kuangalia kabla hazijafika, nipo baada ya saa tisa na nusu, vipindi vikiisha. Rula ninayo, na fundi ana ngazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia
Morogoro